Mas-ala ya Gurudumu Litokalo Njiani

Lori lenye shehena limo njiani, na dereva hana alijualo. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, nati zake zimelegea moja baada ya moja. Mara lachomoka, latangulia mbele ya gari kwa kasi ile ile iliyokuwa nayo gari, lavuka njia na kumpiga mtu aliyesimama mlangoni pa duka lake. Gurudumu la gari kubwa pamoja na tairi lake lina uzito wa kiasi cha kilo 100, na likiwa katika mwendo wa njia kuu hapana ukuta wa udongo uwezao kulizuia. Mtu yule amekufa.

Huulizwa watu watatu. Fundi asema kwamba nati zote alizikaza, na kijana wake ni shahidi. Dereva asema kwamba yeye si fundi, alikabidhiwa gari limekwisha tengenezwa. Tajiri mwenye gari asema kwamba alimlipa fundi, akamlipa dereva, akanunua na nati mpya, amebakiza nini? Na watu waliosimama pembeni huleta lile neno lisemwalo kila siku, pwani na bara, kuwa ajali haina kinga. Kwa neno hilo wote watatu huenda zao, na jamaa za maiti hubaki na maiti wao.

Mas-ala haya yana mambo mawili ndani yake, na aghlabu ya watu huyachanganya. La kwanza ni dhambi: je, yuko katika hawa aliyeasi? La pili ni dhamana: je, yuko apasiwaye kulipa kilichoharibika? Kila moja lina mlango wake. Lakini haiwezekani kukihukumu kitu kabla ya kukifahamu, na wengi wanaoizungumza ajali ya gurudumu hawajui gurudumu hukaaje mahali pake.

Wao hudhani kuwa gurudumu limetundikwa juu ya bolti kama kanzu itundikwavyo msumarini, na kuwa kazi ya nati ni kulizuia lisichomoke. Sivyo. Bolti ya gurudumu ni mfano wa upote wa uta. Nati ikikazwa, bolti huvutika, urefu wake ukazidi kwa kadiri isiyoonekana kwa jicho. Nayo kwa kutaka kurejea urefu wake wa asili huubana uso wa gurudumu juu ya uso wa habu. Kule kubanwa uso kwa uso ndiko kunakobeba mzigo. Maadamu kubanwa kupo, gurudumu halisogei hata kwa unene wa unywele, na bolti hazipati dhara. Kukipungua, gurudumu huanza kucheza kidogo kidogo, na kila mzunguko huzipinda bolti huku na huku mpaka zikatike, au nati zenyewe huzunguka zikatoka.

Na kadiri ya kukaza si ndogo. Malori mengi ya zama hizi yana bolti 10 kwa kila gurudumu, unene wake milimita 22, na nati moja hutaka nguvu ya kama niutoni-mita 600 hadi 700, kwa kadiri aliyoiandika mwenye kuliunda gari. Atakaye kuifahamu hesabu hiyo na amfikiri mtu wa kilo 70 amesimama kwenye ncha ya chuma cha urefu wa mita 1 kilichoishika nati. Nazo hukazwa kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, wala si kwa kufuata duara, ili gurudumu likae sawa juu ya habu.

Sasa ndipo penye jambo ambalo mas-ala yote yamesimama juu yake. Nati iliyokazwa leo na fundi hodari, kwa spana yenye kipimo, kwa kadiri yake bila ya kupunguza, kesho huenda haina kadiri ile. Wala si kwamba imezunguka ikarudi nyuma. Kati ya gurudumu na habu mna rangi, mna kutu, mna vumbi, na mna vijinundu vya chuma ambavyo jicho halivioni. Gari likichukua mzigo na kwenda, vitu hivi husagika na kulala. Rangi ikipungua kwa unene wa karatasi, bolti ambayo mvutiko wake wote haupiti sana unene huo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Nati iko pale pale ilipoachwa, na kubanwa kumeondoka.

Kwa ajili hiyo kanuni za Waingereza katika kazi hii huagiza nati zirudiwe kwa spana ya kipimo gari likisha kwenda kati ya kilomita 40 na 80 tangu gurudumu kufungwa. Wamarekani husema kati ya maili 50 na 100. Kurudia huku si uangalifu wa ziada wa mtu mwenye wasiwasi. Ni nusu ya pili ya kazi, na aliyekaza mara moja tu kazi yake haijatimia, ijapokuwa alikaza vizuri.

Jicho nalo lina sehemu yake. Mchirizi wa kutu utokao chini ya nati, chuma kinachong'aa pembeni mwa tundu kwa kusuguliwa, tundu lililogeuka kuwa refu baada ya kuwa duara: haya ni maneno ya gurudumu kwa mwenye kuyasikia. Wengine huvika nati vishale vya plastiki vielekeanavyo viwili viwili, kimoja kikigeuka huonekana kwa mbali. Ni vizuri, lakini kishale hushuhudia kuzunguka kwa nati tu. Kubanwa kuliko ondoka na nati imetulia hakukioni. Ni shahidi mkweli aliyeona nusu ya kisa.

Na wala kuzidisha si bidii. Yuko kijana wa gereji ambaye huishika mashine ya upepo mpaka ilie, kisha hutia bomba refu katika spana na kulirukia kwa miguu miwili, na watu wakamsifu kuwa amekaza kweli kweli. Chuma kina mpaka wake. Kikivutwa kuupita, hakirejei tena, kama mpira wa suruali uliochoka, na kisichotaka kurejea hakibani. Kijana huyu amefanya ta'adi akidhani amefanya ihsani, na bolti yake itakatika njiani akiwa yeye bado asifiwa.

Yakisha fahamika hayo, lile neno la ajali haina kinga laonekana pahali pake. Ni neno la kweli kwa jambo lisilojulikana saa yake wala mlango wake. Mti ukimwangukia mpita njia katika siku isiyo na upepo, na liseme. Lakini jambo ambalo mlango wake wajulikana, na masafa yake yameandikwa kwa tarakimu, na kinga yake ni spana moja na muda mchache, kuliita halina kinga ni kusema uwongo juu ya kadari. Habari ya ngamia na kamba yake kila mtoto wa chuoni aijua; na nati haihitaji tafsiri nyingine.

Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, mwaka 1995 waliuawa watu barabarani kwa magurudumu yaliyochomoka katika malori, pakawa na kilio kikubwa. Mwaka 1997 serikali ya jimbo ikatunga sheria iliyo ngeni kwa sheria nyingi za ulimwengu huu. Gurudumu likitoka katika gari la biashara likiwa njiani, mwenye kuliendesha katika biashara yake, pamoja na mwenye kumiliki gari lililotokwa na gurudumu, wana hatia. Hawaulizwi walifanya nini. Hata wakithibitisha kwamba walijitahidi kadiri ya uwezo wa binadamu, udhuru huo haupokewi. Faini ni dola 2,000 hadi dola 50,000. Waliotozwa walilalamika kwamba ni dhuluma kumtia hatiani mtu asiyefanya kosa. Na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaamua kwamba sheria ile yasimama, kwa kuwa hafungwi mtu kwa ajili yake, na kwa kuwa haimtii mtu aibu ya uhalifu wa kweli.

Mwenye kuisikia sheria hii mara ya kwanza huikataa moyo wake. Vipi atatozwa aliyekaza, akarudia, akatazama? Lakini mwanafunzi wa fikihi akitulia ataona kwamba ameingia katika mlango anaoujua. Dhamana ya kilichoharibiwa haikuwekwa juu ya dhambi. Mtoto mdogo akivunja chombo cha jirani, hulipwa katika mali yake, na mtoto hana dhambi. Aliyelala akigeuka usingizini akakiponda kitu cha mwenziwe atakilipa, na kalamu haikumwandikia ovu lolote. Na katika roho ya mtu iliyotoka kwa kosa lisilokusudiwa, diya hupasa, nayo huchukuliwa na jamaa zake wa kiumeni, pasina kuambiwa kuwa yeye ni mwovu. Kulipa ni haki ya aliyepata hasara. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake.

Na wanazuoni wa Kishafi'i, akiwamo Imamu Nawawi katika Minhaj yake, wameleta mambo mawili ambayo mkaazi yeyote wa mji wa zamani wa Mombasa au wa Lamu ayaona kila apitapo kichochoroni. La kwanza ni mlizamu utokezao juu ya njia. Kuutokeza ni halali, na aliyeutokeza hakuasi. Hata hivyo ukianguka ukamdhuru mpita njia, mwenye mlizamu ana dhamana. Kwani ruhusa ya kujinufaisha kwa njia ya watu imefungwa kwa sharti la usalama wao. La pili ni ukuta. Aliyejenga ukuta uliosimama sawasawa, kisha ukainama wenyewe, ukaanguka njiani, huyo hana dhamana katika kauli iliyo sahihi zaidi, kwa kuwa kuinama si tendo lake. Na iko kauli ya pili, iliyo dhaifu katika madhehebu, isemayo kwamba kama aliweza kuubomoa au kuutengeneza naye akauacha, atadhamini.

Basi nati ya gurudumu ni ukuta au ni mlizamu? Fundi, dereva na tajiri wote watatu, bila ya kujua, wanashika hoja ya ukuta. Nati ilikazwa sawasawa, ikalegea yenyewe, kulegea si tendo letu. Ni hoja yenye nguvu, na haifai kuipuuza. Lakini yavunjika pahali pawili. Kuinama si tabia ya kuta. Ajengaye hajui kama ukuta wake utainama, wala baada ya miaka mingapi, na kuta zilizo nyingi huzeeka zimesimama. Nati iliyofungwa upya tabia yake ni kupungua, na wenye kazi wote wanalijua jambo hilo na kulipimia masafa. Lau waashi wote wangejua kwamba kila ukuta mpya huinama siku ya 3 usipogongwa kabari, asingeitwa aliyeuacha bila kabari kuwa amejenga ukuta uliosimama. Angeitwa amejenga nusu. Pahali pa pili: ukuta umekaa katika milki ya mwenyewe, njia imeupita. Gurudumu halikukaa katika milki ya mtu; mwenyewe amelichukua kwa hiari yake na kulitia katika njia ya watu kwa faida yake, kama maji ya dari yapelekwavyo na mlizamu juu ya vichwa vya wapita njia. Kwa sababu hizi mbili gurudumu liko karibu na mlizamu kuliko ukuta.

Kutokana na hayo, aliyerudia nati kwa wakati wake, kisha bolti ikakatika kwa ufa uliofichika ndani ya chuma, hana dhambi hata chembe, na dhamana haikumwondokea. Asiyerudia, na gari likafika Kampala salama, hana la kulipa kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Lakini alipita penye watu, mwendo wa siku nzima, na kitu ambacho yeye alijua au ilimpasa kujua kwamba hakikutimia. Huyu hakuna mahakama itakayomwita. Wengi wa wapitao njiani wako katika hali yake, na kwa kuwa wanafika, hudhani wameruhusiwa. Huko Uingereza, kwa hesabu iliyokadiriwa mwaka 2006, magurudumu yatokayo katika magari makubwa yalikuwa kati ya 150 na 400 kwa mwaka, na ajali za kuua zilizotokana nayo kati ya 3 na 7. Ni machache mno mbele ya magari yapitayo, na uchache huo ndio udanganyao.

Hapa ndipo sheria ya Ontario ipunguapo. Katika dhamana imesadifu, ila faini yake huingia hazina ya serikali, na dhamana ya kweli ni ya yule aliyefiwa au aliyeharibikiwa. Tena katika kutia hatiani humweka aliyerudia na asiyetazama kabisa katika jina moja, ikawatenga kwa kiasi cha faini tu.

Ama fundi, mas-ala yake ni mengine. Mkono wa fundi wa kuajiriwa katika kauli yenye nguvu ya Kishafi'i ni mkono wa amana; kitu kikiharibika bila ya ta'adi wala taksiri, hadhamini. Na al-Rabi' bin Sulayman, mwanafunzi wa Imamu Shafi'i, amesimulia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa rai ya Imamu, ila hakuwa akiitangaza, kwa kuwachelea mafundi waovu wasije wakaifanya kichaka. Na imepokewa kwamba Sayyidna Ali alikuwa akiwadhaminisha watia rangi na masonara, kwa kuona kwamba watu hawatengenei illa kwa hivyo, ingawa wenye elimu ya hadithi hawakuithibitisha riwaya hiyo. Basi wazo la watu wa Ontario, la kufunga mlango wa udhuru ili mafundi wazinduke, si geni kama linavyodhaniwa.

Lakini taksiri ya fundi wa magurudumu iko wapi? Hawezi kulikimbilia lori mpaka kilomita ya 80 na spana mkononi. Linalompasa ni neno moja, la kumwambia dereva kwamba kazi hii haijakwisha, na mahali fulani usimame uzirudie. Akilisema, nusu ya pili ya kazi imehamia kwa dereva. Akinyamaza, kwa haya au kwa kuogopa kuonekana kwamba kazi yake si madhubuti, basi amekuwa kama muuzaji aliyeficha aibu ya bidhaa, na mkono wa amana hauwi tena wa amana. Ajabu ni kwamba mafundi walio bora ndio wanyamazao zaidi, kwa kujiamini.

Lori litokalo bandarini Mombasa, kwa masafa ya Waingereza, linatakiwa lisimame likisha kuipita Mariakani. Kwa masafa ya Wamarekani ni karibu na Mackinnon Road, na hapo wasafiri wengi husimama wenyewe, kwa kuwa pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali. Watu huingia, husali, huomba salama ya safari, hunywa chai. Kulizunguka gari kwa spana ya kipimo hutaka muda kama wa chai ile. Dereva hudhani turniboi amezunguka; turniboi hudhani fundi alimaliza; na kila mmoja amemwekea mwenziwe amana ambayo mwenziwe hajui kwamba amewekewa.

Na mara nyingi spana yenyewe haimo garini. Tajiri amenunua turubali, amenunua taa za mapambo, akampa dereva bomba la chuma. Tena amemlipa kwa safari, si kwa siku, hata kila dakika ya kusimama ikawa ni ya kukata katika chakula cha watoto wa dereva. Tajiri wa namna hii hakugusa nati hata moja, na sehemu yake katika kulegea kwake huenda ikawa kubwa kuliko ya wote; kwani dereva hupewa wajibu, na kinachomwezesha kuutekeleza kimezuiliwa kwake.

Limebaki suala la trela la kukodi. Siku hizi kichwa cha lori huwa cha huyu, na trela lililobeba kontena huwa la yule, na wao wawili wameonana kwa simu tu. Sheria ya Ontario humshika mwenye biashara ya kichwa pamoja na mwenye trela lililotokwa na gurudumu. Katika fikihi, mwenye kukodisha atakiwa akabidhi kitu kilicho kizima, na mkodi ni amini asipofanya ta'adi. Ikiwa mwenye trela amefunga magurudumu usiku na kulitoa asubuhi bila ya kumwambia aliyekodi kwamba yamefungwa upya, basi yaliyosemwa juu ya fundi anyamazaye yamrejea yeye. Na ikiwa amemwambia, na karatasi ya makabidhiano imeandikwa hivyo, yule aliyelivuta mpaka Voi bila ya kusimama ndiye wa kuulizwa kwanza.